Mpira Ulipoanza Kwenda Kushoto

Wiki iliyopita tulimzika kwao Mvumi jamaa yangu mmoja ambaye wengi wenu hamkumjua, ila mliowahi kusimama Mikumi kupata chai huenda mlimsikia. Nyuma ya vibanda vya chakula alikuwa na meza ya mpira, ile ya kuzungusha vyuma vyenye wachezaji wa mbao, na kelele za goli zilivuka barabara hadi kwa wauza ndizi. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Nilishuka pale kila nilipokuwa safarini, nikafungwa, nikachekwa, nikaondoka. Nilipopigiwa simu kwamba amefariki, sikujua hata nimpe nani pole.

Alikuwa mkali katika jambo ambalo wengine tuliliona la kupotezea muda. Vijana wakizungusha chuma kwa fujo aliwasimamisha, akisema hawapigi shuti, wanakoboa mahindi. Shuti, kwake, lilitoka kwenye kifundo cha mkono: bega litulie, mpira ubanwe kwanza chini ya mguu wa mchezaji, usogezwe kidogo, kipa akihangaika ndipo upige. Watu wa Dumila wakija kushindana, hakuna aliyegusa meza kabla yeye hajaipima kwa pima maji ya mafundi ujenzi na kupaka vyuma mafuta ya cherehani, maana malori ya barabara kuu yalikuwa yakitikisa sakafu kutwa. Siku moja nilimwambia ni mchezo tu. Akaniuliza kama na gazeti ninaloandikia ni karatasi tu.

Masika yalipoisha, mashuti yake yakaanza kwenda kushoto. Alipiga kama siku zote, mpira ukagonga ubao pembeni ya goli. Akasema meza imelala upande, na nani angembishia? Tukaweka kabari chini ya mguu mmoja. Mpira ukaenda kushoto. Tukaongeza ya pili. Pima maji ilipoonyesha kwamba sasa meza imeinama kweli, akasema hiyo pima maji ni mbovu, nasi tukaitikia. Wageni wa Dumila walicheza kwenye mteremko ule bila kulalamika, kwa kumheshimu. Kisha vikombe vikaanza kumponyoka mkononi, na mkewe akampeleka hospitali. Wakaambiwa tatizo liko kichwani, limekaa muda mrefu, na kilichobaki ni kumuuguza. Nilikwenda kumwona. Kila aliyeingia alikuwa na lake, dawa fulani, dua, hospitali kubwa zaidi. Mimi sikuwa na lolote. Nilimshika mkono wa kulia, ulikuwa mzito kama wa mtoto aliyelala.

Baada ya maziko mjane wake aliniita mlangoni.

"Shemeji, ile meza ilikuwa mbovu?"

Nikamwambia hapana, ilikuwa sawa tangu mwanzo.

"Sasa mlikuwa mnarekebisha nini miezi yote ile?"

Hakuuliza kwa hasira. Angekasirika, labda ningepata la kujitetea. Daktari alikuwa amemwambia kwamba hata wangewahi, pengine isingesaidia. Hiyo pengine ndiyo inayoniumiza, maana hakuna wa kuniondolea.

Asiyejua kucheza akisingizia uwanja, tunamcheka. Anayejua akiusingizia, tunachukua majembe tukauchimbe. Ndivyo tulivyo. Mshonaji hodari akianza kupindisha mshono tunamtafutia cherehani nyingine, na dereva wa miaka mingi akigusa nguzo ya geti tunakagua breki. Heshima yetu kwa mjuzi ni kubwa kiasi kwamba hatuthubutu kumuuliza kama anaumwa, naye amezoea kujibu maswali ya kazi tu. Basi aliyepiga sawa miaka yote akianza kukosa, iacheni meza, mtazameni yeye. Huenda mkakuta hamna la kufanya, kama sisi tusivyokuwa nalo. Lakini hatakuwa peke yake akishindana na mkono wake, huku nyie mmeinama chini mnatafuta kabari.