Mwalimu, Meza, Kulala, Maji

Mimi kuchora sijui. Mbuzi wangu anafanana na meza, na meza yangu haifanani na kitu. Lakini nilipopewa darasa la watoto sita wasiosema, au wanaosema kwa taabu, katika shule moja ya Bwiza, mtaa wa Bujumbura, nilikata katoni za sabuni, nikachora vipicha, nikavitoboa na kuvifunga kwa kamba. Kila mtoto akavaa kadi zake shingoni. Nilijiona mtaalamu.

Kadi ya mwalimu peke yake sikuichora. Hiyo niliibandika picha yangu ya harusini, nywele zimesukwa juzi yake, shanga shingoni. Kama watoto wataninyooshea kidole siku nzima, basi wamnyooshee mtu aliyependeza.

Mmoja wao alikuwa binti wa miaka tisa, mwenye macho makali, ambaye hajawahi kutamka neno. Mama yake, Mkongomani muuza vitenge, alikuja kuzikagua kadi, akazipekua moja moja kwa vidole vyake vya biashara. Mimi nilikuwa nangoja sifa.

"Mwalimu, hizi ni za kuomba tu," akasema. "Omba maji, omba chakula, omba choo. We ukifika kwako, unaombaka tu? Mi nataka anipe habari."

Iliniuma kwa sababu alisema kweli. Akanieleza kwamba kila jioni humuuliza mtoto ameshindaje, na kila jioni hujijibu mwenyewe: umeshinda vizuri, eh, vizuri. Nikazirudia katoni zangu nimenuna. Nikachora kuanguka, kucheka, kugombana, kulia, kulala. Hiyo ya kulala ilitoka vizuri kuliko zote.

Wiki moja baadaye nilikula ugali na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, zaidi ya kiasi, na joto la Bujumbura la saa nane mchana halimwonei mtu huruma. Mkuu wetu wa shule alikuwa ameshatuonya: mwalimu atakayesinzia darasani ataandikiwa barua. Watoto walikuwa wanapanga vifuniko vya chupa. Nikaweka kichwa mezani, dakika mbili tu. Nilipoamka, vifuniko vyote vilikuwa vimeshapangwa na watoto sita wametulia, wananitazama. Nikamshukuru Mungu kwamba hakuna hata mmoja anayeweza kusimulia. Ndivyo nilivyofikiri, mimi, mwalimu wao.

Kesho yake, saa ya kutoka, yule mama akaja getini anahema. Mkuu wa shule alikuwa amesimama hapo hapo akiagana na wazazi. Mama hakumjali. Alizishika kadi za binti yake, akazipanga kiganjani: picha yangu ya harusini, meza isiyofanana na kitu, kulala, maji.

"Jana alinionyesha hivi, mara tatu," akasema. "Mwalimu, ni kweli ao anacheza tu?"

Mkuu wa shule akageuka. Uongo nilikuwa nao tayari mdomoni: mtoto amechanganya kadi. Wangeniamini, nani asingeniamini? Nikamtazama binti. Naye ananitazama, hapepesi. Nikikana, habari ya kwanza aliyowahi kumpa mtu inakuwa uongo, na mama yake atarudi kujijibu mwenyewe kila jioni.

"Ni kweli," nikasema. "Nililala."

Mama akataka kujua maji yalikuwa ya nini. Kabla sijafungua mdomo, binti akalaza kichwa begani, akafumba macho, akapitisha kidole kutoka pembe ya mdomo mpaka kidevuni, taratibu. Kisha akarudia, ili mkuu wa shule naye aone vizuri.

Mkuu wa shule akakohoa, akaniambia nimwone ofisini asubuhi. Barua niliipata, ninayo mpaka leo. Mama alicheka mpaka akakaa kwenye vumbi na kitenge chake kizuri, halafu nikaona anajifuta machozi.

"Miaka tisa," akasema. "Leo tunasengenya mutu, mi na mutoto wangu."

Niliona aibu, tena sana, lakini furaha iliishinda aibu. Wakaondoka wameshikana mikono. Hawakufika hata kwenye kona, mama akasimama, akainama.

"Na kisha?" nikamsikia akiuliza, na binti akaanza kupekua kadi.