Propela Yenye Kengeza

Jina la Sentimita alipewa na shemeji yake, kaka wa mkewe, siku aliyokuja kuposa. Badala ya kukaa kwa adabu kama wenzake, alinyanyuka akapima mlango wa sebule kwa kiganja, eti aone kama kabati la bibi harusi litapita. Kabati lilipita, mke akapatikana, na jina likamganda hadi leo, mvi zimejaa kichwani.

Miaka ishirini na mbili alikuwa fundi wa gia katika gereji moja, mpaka ikafungwa. Akazunguka mji mzima na spana zake mfukoni. Kila alikobisha hodi aliambiwa, "Mzee, tunataka vijana." Aliyemwombea nafasi katika gereji anakofanya kazi ni huyo huyo shemeji, mchomeleaji, mtu wa mizaha kuanzia asubuhi mpaka gereji ifungwe. Hakumwacha apumue. "Shemeji, umeshapima chai yako? Isije ikazidi kikombe!" Sentimita alikuwa akicheka tu, ila neno la kumshukuru halikuwahi kumtoka. Wangeanzia wapi, watu wa kutaniana?

Basi likaja lori dogo la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Mwenyewe hupeleka maji kwa watu wa mlimani, na injini ya zamani ilikuwa imeshindwa na mlima. Wakafunga injini kubwa na gia boksi ndefu zaidi. Boksi la transfa, lile linalogawa nguvu mbele na nyuma, likasogezwa nyuma kiganja kizima. Hapo propela ya mbele, lile bomba la chuma linalopeleka nguvu magurudumuni, ikawa fupi na ya nyuma ikawa ndefu. Ya mbele ikaungwa kipande, ya nyuma ikabidi ikatwe.

Mwenye gereji, mama asiyependa maneno mengi, aliwakusanya mafundi. Kazi mbili zilikuwa zimerudishwa na wateja mwezi ule.

"Ya tatu ikirudi," alisema, "aliyeiharibu aage wenzake."

Sentimita akapima mara tatu. Propela ina macho huku na huku, matundu yanakokaa krosi, vile viungo vya umbo la msalaba, na macho ya mbele lazima yatazame upande mmoja na ya nyuma. Yakipishana, mafundi husema propela ina kengeza, na gari hutetemeka kama lina homa. Kwa hiyo, kabla ya kukata, alichora mstari wa chaki kutoka jicho hadi jicho. Kisha akaiona propela ya nyuma ilivyo chafu. Mtu huyu hajawahi kumkabidhi mwenzake kitu chenye grisi. Akachukua tambara lenye mafuta ya taa, akaisugua mpaka ikang'aa, akampa shemeji akate na kuchomelea. Mstari ulikwenda na uchafu.

Siku ya tatu lori likarudi. Mwenyewe alishuka akitikisa mikono. "Nikikoleza mwendo tu, usukani unanitoka!"

Sentimita akaingia chini ya gari, akaangalia macho ya propela ya nyuma. Kengeza. Akalikumbuka lile tambara. Akaiona milango yote aliyowahi kubisha ikifungwa tena, na safari hii hakuna wa kumwombea.

Kabla hajatoka, akasikia sauti ya shemeji. "Hiyo ni yangu, mama. Nilichomelea kichwa kikiwa kwingine."

Mama akamtazama. "Unajua nilichosema."

"Najua."

Sentimita alijua pia. Angenyamaza dakika moja tu, angebaki na kazi. Akatoka mbio mpaka akajigonga kichwa kwenye chasisi. "Muongo huyo! Alama niliifuta mimi, kwa tambara. Yeye angeonaje?"

"Shemeji, rudi chini ya gari."

"Sirudi!"

"Nina mashine yangu ya kuchomelea, nitakula popote. Wewe utakwenda wapi?"

Mama mwenye gereji aliwaangalia wazee wawili wakigombea kosa kama watoto wanaogombea ukoko. "Humu ndani kosa huwa yatima," alisema mwishowe. "Leo limepata baba wawili. Mlilee wenyewe. Jioni nalitaka lori hili barabarani."

Wakaikata propela kwa grinda pale pale kwenye mshono, wakageuza kichwa chake mpaka macho yakatazamana sawa, wakachomelea upya. Alasiri mwenye lori alilijaribu barabara nzima, akarudi ameshika usukani kwa kidole kimoja, anacheka. Akaomba boliti zikazwe mara ya mwisho, aondoke.

Shemeji akaingia chini na spana, miguu tu ikabaki nje. Sentimita akachuchumaa kando ya ile miguu.

"Shemeji," alisema. "Ahsante. Ya leo, na ya siku ile uliyonileta hapa."

Spana ikanyamaza.

"Rudia," sauti ikatoka chini, nzito kidogo. "Sikusikia, grinda inapiga kelele."

Grinda ilikuwa imezimwa tangu saa sita. Sentimita akavuta pumzi, akarudia kwa sauti ambayo gereji nzima iliisikia.