Muhuri kwa Watu wa Kundi O

Kinyaa kilimpanda Bi Darubini kila asubuhi alipomwona mkuu wa maabara akichokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu, kisha kwa vidole vilevile akigonga muhuri: DAMU HAIGANDI VIZURI. Miaka kumi na tisa amepima usaha, kinyesi na makohozi bila kukunja uso. Huyu ndiye aliyemtia kichefuchefu.

Siku hiyo fundi cherehani mmoja alisimama dirishani na fomu yake, midomo imempauka. Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, na daktari wa upasuaji amekataa kumgusa kwa sababu ya ule muhuri.

"Dada, nisipopasuliwa mwezi huu ndiyo basi tena."

Bi Darubini akaisoma fomu. Protini ya kugandisha damu iko chini ya mstari wa kiwango cha kawaida, kidogo tu. Kundi la damu: O. Akasonya. Protini ile huvikwa vipande vya sukari, na kwa watu wa kundi O kipande cha mwisho hakipo, kwa hiyo mwili huiondoa upesi zaidi. Kiwango chao huwa chini, na wengi ni wazima wa afya. Lakini mkuu alijiwekea mstari mmoja kwa watu wote, akastarehe.

"Sindano ikikuchoma, damu inakata?"

"Nafyonza kidole, naendelea kushona."

"Umewahi kung'oa jino?"

"Mawili. Na nimezaa mara nne. Sijawahi kuvuja ovyo."

Bi Darubini mwenyewe akaipeleka fomu kwa yule daktari wa upasuaji, akamweleza. Daktari akauliza maswali yake, akaridhika, akampangia fundi upasuaji Alhamisi.

"Na wale wengine wa kundi O tuliowarudisha?" Bi Darubini alimuuliza mkuu wake aliporudi maabara.

"Si wameshakwenda zao? Usinitafutie balaa, mama." Mkuu akakifuta kifuniko cha kalamu kwenye suruali.

Bi Darubini akavuta jalada la waliorudishwa. Fomu ya juu ilikuwa ya mwalimu wa chekechea, kundi O, uvimbe uleule. Akapiga namba iliyoandikwa. Akapokea kaka mtu.

"Tulimzika mwezi wa tatu. Mlisema hapasuliki."

Chini ya muhuri palikuwa na sahihi mbili. Ya pili ilikuwa ya Bi Darubini mwenyewe, na siku alipoitia hakuuliza swali lolote.

Fundi akaingia mbio, machozi ya furaha yanamtoka, akaukamata mkono wa kulia wa Bi Darubini aubusu.

"Usiuguse huo," Bi Darubini alisema, akauchomoa, akauficha nyuma ya koti.