Mdakaji Niliyempa Mkataba wa Miaka Kumi

Niliwahi kuwa mwajiri wa wanaume arobaini ambao hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa. Ilikuwa miaka ile ambayo neno ubinafsishaji halikosi kwenye taarifa ya habari, na mtaani kwetu Morogoro, karibu na soko kuu, mama mmoja msusi alikuwa ameandika "Utandawazi Saluni" juu ya mlango wake. Mimi nilikuwa na cheti cha utunzaji wa hesabu na sikuwa na hesabu za kutunza, kwa sababu viwanda vilivyohitaji watu kama mimi vilikuwa vinafungwa. Nikapata kazi ya kukaa kaunta kwenye intaneti kafe yenye kompyuta sita, mbili mbovu.

Wanaume hao nilirithishwa na Mmarekani mmoja aliyekuwa akifundisha hesabu sekondari hapo mjini. Kila alasiri alikuja kucheza ligi ya besiboli ya kwenye mtandao. Hakukuwa na picha wala mpira. Kulikuwa na majina, umri na mishahara, na kompyuta iliyoko huko kwao ilichezesha mechi zenyewe kwa kupiga hesabu, kisha ikatangaza matokeo. Wenye timu walitoka nchi mbalimbali, na kazi yao ilikuwa kuajiri, kuachisha na kubana matumizi. Muda wake wa kufundisha ulipokwisha, mwalimu akaniambia, "Dada, wewe ndiye mhasibu pekee ninayemfahamu." Akaniachia neno la siri na kurasa thelathini za kanuni, akaniomba timu isife.

Besiboli sijaiona kwa macho mpaka leo. Najua kuna mrushaji, kuna mwenye rungu, na nyuma ya mwenye rungu kuna mdakaji anayechuchumaa mechi nzima, kazi ambayo hata kuisimulia inaumiza magoti. Lakini mishahara naijua. Nikaiendesha timu kwa namna pekee niliyofundishwa chuoni, yaani kama shirika la umma. Kila mtu alipata nyongeza ya mwaka, na mwenye utumishi mrefu alipata zaidi. Mdakaji wangu alikuwa na miaka thelathini na saba, mkubwa kuliko wote. Jina lake silitaji, asije akazaliwa kweli akanishitaki. Mkataba wake ulipokwisha niliona aibu kumwandikia mwaka mmoja mmoja kama kibarua. Nikampa miaka kumi, mwisho kabisa unaoruhusiwa na kanuni, na mshahara wa kumpita kila mtu. Mtu mzima anahitaji utulivu.

Ukumbi wa mazungumzo wa ligi ukachafuka. Wengine walicheka waziwazi. Wengine waliamini nina siri, wakazipekua hesabu zangu kutafuta ujanja uliojificha humo. Bwana mmoja aliniuliza, kwa adabu kabisa, nimegundua jambo gani jipya kuhusu magoti. Nikavimba kichwa. Sikumjibu, nikijua kwamba mtu mwenye siri hajibu haraka. Kumbe nilikuwa nimeingia mkenge, tena kwa miguu yangu mwenyewe.

Siku za Jumamosi mjomba wangu, kaka yake mama, alishuka kutoka Kinole na matenga ya machungwa, na akishauza alipita kunisalimia na kupumzisha miguu. Kwetu Waluguru mjomba si ndugu wa pembeni. Ndiye mwenye sauti. Alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda kimoja hapo mjini kwa miaka ishirini na miwili, na kwa miaka mingi wenzake walimchagua kuwa mwakilishi wao, mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi. Kiwanda kilipouzwa hakuitwa ofisini. Alilikuta jina lake kwenye karatasi iliyobandikwa getini, na mlinzi aliyezoea kumwita "mwenyekiti" akamwambia asogee, anazuia gari. Mafao akapewa sehemu, iliyobaki akaambiwa afuatilie. Akafuatilia mpaka soli zikaisha, kisha akapanda mlimani kulima. Habari hiyo hakuwahi kuisimulia kwa hasira, na hilo ndilo lililonikera. Hasira yake nilibaki nayo mimi.

"Shikamoo, mjomba," nilimwamkia Jumamosi moja.

"Marahaba. Hao kwenye kioo ni kina nani?"

"Wachezaji wangu."

"Unawalipa wewe?"

"Ndiyo. Lakini si watu, mjomba. Wametungwa na kompyuta."

Akavuta kiti. "Hata sisi kule tulikuwa namba tu, na kuumwa tukaumwa. Mwakilishi wao nani?"

Nikafanya kosa la kucheka. "Hawana."

"Basi sasa wanaye."

Tangu hapo sikuwa na amani. Mrushaji mmoja aliteguka bega, nami nilitaka kumchezesha hivyohivyo kwa kuwa nilikuwa namlipa. Mjomba akauliza cheti cha daktari kinasemaje, akaagiza apewe kazi nyepesi. Nikamweleza kwamba besiboli haina kazi nyepesi. Akasema hivyo ndivyo mameneja wote wanavyosema. Wanafunzi wa chuo kutoka Mazimbu walikuja kuulizia kompyuta, naye akawajibu, bila kugeuka, kwamba kuna kikao.

Halafu ikaja barua pepe ya msimamizi wa ligi, bwana mpole aliyeandika kama anaomba radhi. Mishahara ya timu yangu, alisema, imevuka kikomo kinachoruhusiwa. Nisipoishusha kufikia Jumamosi, timu itachukuliwa na kupewa mtu mwingine.

Msinicheke. Niliumia. Kaunta ilikuwa ya tajiri mwenye kafe, chumba nilikuwa nimepanga, hata kikokotoo nilichobonyeza kilikuwa cha tajiri. Timu ile ndiyo kitu pekee nilichokuwa nakiongoza mimi, na nilikuwa sitaki kuachia. Nikapiga hesabu kwa kila njia, na kila njia iliishia kwa mdakaji. Msimu ule mipira ilikuwa inampita kana kwamba hayupo, na ni kweli hakuwepo. Jumatano niliamua kumwachisha kimyakimya kabla mjomba hajashuka. Nikapeleka kishale mpaka juu ya kitufe, nikakitazama, nikakirudisha. Niliona geti na ile karatasi. Nikajitukana mwenyewe kwa kuogopa mtu wa hewa, na bado sikubonyeza.

Jumamosi nikamweleza mjomba yote.

"Amejulishwa?"

"Nani?"

"Mhusika."

"Mjomba, hayupo!" nilisema, kwa sauti ambayo mpwa hamtolei mjomba wake. Wateja wakageuka.

"Hata mimi walisema walinitafuta wakanikosa," alijibu taratibu. "Siku hiyo nilikuwa zamu ya asubuhi, nimeshika spana. Haya, kanuni zinasemaje kuhusu stahili zake?"

Nikafungua zile kurasa nikamsomea kwa Kiswahili. Mchezaji mwenye mkataba mrefu akiachishwa, hulipwa nusu ya mshahara wake kila mwaka mpaka mkataba uishe.

"Nusu?"

"Nusu."

"Imebaki miaka mingapi?"

"Tisa."

"Bila kuchuchumaa?"

"Bila kuchuchumaa, mjomba."

"Na anafuatilia wapi?"

"Hafuatilii. Inaingia yenyewe."

Mjomba akakitazama kioo. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika, akashika ukingo wa meza, akacheka mpaka mwanafunzi wa kompyuta namba nne akainuka kumtafutia maji. "Mtu hajazaliwa," alisema akihema, "ana chama kama hicho!" Nami nikacheka, nikacheka kweli, mpaka nikaona kicheko chake kimekwisha zamani na bado anafuta macho.

"Sasa andika barua," akasema. Akasimama, akavua kofia, akawa ananitajia maneno huku mimi nachapa. Nilimkumbusha kwamba mdakaji hajui Kiswahili. Akasema atatafutiwa mkalimani.

"YAH: KUSTAAFISHWA KWA HESHIMA. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Uongozi unasikitika kukujulisha kwamba, kutokana na hali ya fedha, hautaweza kuendelea na huduma yako. Uamuzi huu hautokani na kosa lolote ulilolitenda. Uongozi unatambua kwamba umefanya kazi ya mdakaji kwa uaminifu, ukiwa umechuchumaa, kwa miaka yote uliyokuwa nasi. Unashukuriwa. Unatakiwa kila la heri wewe na familia yako."

Pale kwenye uaminifu alisita, akaniambia nisome tena. Nikasoma. Akatikisa kichwa kukubali, tukaendelea.

Nikaichapisha. Akaigeuza huku na huku. "Mhuri uko wapi? Barua isiyo na mhuri ni ya kufungia karanga."

Kafe nzima ilikuwa na mhuri mmoja tu, wa stakabadhi za wateja, ulioandikwa IMELIPWA. Nikamwonyesha.

"Ni kweli atalipwa?"

"Kwa mujibu wa kanuni, ndiyo."

"Piga."

Nikapiga, wino ukakaa vizuri. Nikaichapa barua upya kwenye ukumbi wa ligi, Kiswahili juu na Kiingereza changu cha kuungaunga chini, wala sikungoja kuona nani atacheka. Kisha nikabonyeza kile kitufe. Mdakaji akatoka kwenye orodha, na mishahara ikashuka chini ya kikomo kwa kiasi cha kumlipa kibarua mmoja. Timu ikabaki yangu. Nikashusha pumzi, nikadhani kikao kimefungwa.

Mjomba alikuwa bado amesimama, kofia mkononi.

"Toa nyingine," akasema. "Jina acha wazi."

Sikumuuliza ya nani. Wala sikuliacha jina wazi. Nikaliandika lake, majina yote matatu kama yalivyo kwenye cheti chake cha ubatizo, nikafuta mdakaji nikaweka fundi mitambo, nikafuta kuchuchumaa nikaweka zamu zote tatu, nikaandika miaka ishirini na miwili kwa tarakimu na kwa maneno. Printa ya tajiri ilikwama mara moja, nikaipiga kofi, ikaendelea. Mjomba akaipokea akaisoma akiwa wima, midomo ikicheza, mpaka mwisho. Ili nipate la kufanya nikavuta pedi ya wino, nikaushika ule mhuri.

Akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Huo hapana, mpwa wangu. Bado. Tutakuwa tumeandika uongo. Weka sahihi tu."

Nikaweka sahihi, na chini yake nikaandika Meneja Mkuu. Akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Halafu akavaa kofia, akaokota matenga yake matupu, akaniuliza bega la yule mrushaji linaendeleaje.