Maiti Aliyepiga Teke Bunia

Niliondoka Mwanza kwa ajili ya miguu ya mtu nisiyemjua. Dieudonné, mchimba dhahabu wa Mambasa, Kongo, huzama mtoni akivuta hewa kwa mpira kutoka kwenye mashine. Siku moja alikaa chini mno, akaibuka haraka. Mapovu yakaingia kwenye damu, miguu ikafa ganzi. Mimi ni fundi wa wazamiaji, na nilikuwa na chombo cha kumtibu: mfuko mnene, mrefu kama kitanda, wenye kidirisha. Mgonjwa hulala ndani, hewa husukumwa kwa nguvu, mapovu yanasinyaa. Ukiufungua mapema, yanarudi na kuua.

Ndegeni rubani aliniuliza kama nimebeba jeneza langu. Sikucheka, Bunia, mji alikopelekwa mgonjwa, ilikuwa vitani.

Mtaani Shari nilipokewa na mke wa Dieudonné, Mama Furaha.

"Docta, ataingia mule peke yake?"

"Peke yake, mama. Na mimi si daktari."

"Basi miye nitaikala hapa, ku dirisha."

Mchana, tukiwa tumeshamfungia ndani, risasi zikalia. Majirani walikuwa wakikimbilia kambi ya walinda amani, uwanja wa ndege. Kumfungua hatukuthubutu. Wanaume wanne wakauinua mfuko mabegani, jinsi wanavyobeba wagonjwa kutoka milimani, nami nikafuata na chupa ya hewa.

Kwenye kizuizi, wenye bunduki walivua kofia. Walidhani tumebeba maiti!

"Ni nani amekufa?" mmoja akauliza.

Tukisema yu hai, wangetaka tuufungue mfuko. Kwa Mama Furaha, kumlilia mtu aliye hai ni kumwitia kifo. Lakini alijitupa juu ya kidirisha.

"Bwana yangu ee! Unaniachia nani?"

Mfuko ukatikisika. Akalia kwa nguvu zaidi.

"Pole, mama. Mupite."

Mbele kidogo akanigeukia. "Nimemulilia angali muzima. Akikufa, ni miye nimemuua." Nilimhurumia.

Jioni, kambini, nilipunguza hewa taratibu, kisha nikafungua.

"Niliona weye unalia," Dieudonné alimwambia mkewe. "Nikasema, kumbe nimekufa! Nikapiga teke."

"Teke? Na mguu gani?"

Akautazama mguu wake. Kisha wakalia wote wawili, na mimi pia.

Nilirudi nyumbani mikono mitupu, mfuko niliwaachia. Nilikwenda nikijua nguvu ya hewa, nikarudi nimeona mtu akifanya lile analoliogopa kuliko yote kwa ajili ya mwenzake. Walinisindikiza hadi kwenye ndege, Dieudonné akiegemea fimbo. Nikamtania Mama Furaha, mbona haniagi kwa machozi.

"Kwani weye umekufa?" akajibu.

Akamshika mumewe mkono, wakaondoka kwa miguu.