Sahani ya Bati Nyumbani kwa Sitti Fauzia

Plastiki mpya ikimwagiwa maji ya moto hutoa harufu ya dukani, harufu ya kitu ambacho bado hakijawa cha mtu. Harufu hiyo ndiyo iliyonipanda puani siku ile Thuraya, mke wa mwanangu Nassor, aliponiwekea sahani ya waridi na kikombe chake kwenye karo, akasema, "Mama, nisuuzie hivi. Ni vya msichana anayekuja."

Tulikuwa Riyadh, mtaa wa Nasim. Mie ni mtu wa Jeddah. Nimekulia Hindawiya na nimezeekea Hindawiya, ila ngazi za kule ziliyashinda magoti yangu, ndipo Nassor akanichukua nikae kwake. Ilikuwa miaka ile ambayo karibu kila nyumba ya mtaa ilikuwa inaletewa msichana kutoka Kenya. Wanawake walikuwa wakikutana mlangoni hawaulizani hali, wanaulizana, "Wenu ameshafika?"

"Kabati limejaa sahani," nikamwambia Thuraya. "Hii ya nini tena?"

"Hii yake peke yake, Mama. Kila nyumba ndivyo wanavyofanya."

Nikasuuza. Mikono ilikuwa Nasim, roho imeshafika Jeddah, kwenye kizingiti cha nyumba ya mtu mwingine.

Basi nyie mnaosoma haya, hasa wajukuu zangu mnaosema bibi ana kisirani, kaeni niwaambie kisirani hicho kilitoka wapi. Skuli mie sikuingia. Kusoma nilifunzwa chuoni, kwa maalimu wa Kurani, kuandika nikajifunza ukubwani kwa ubishi. Kwa hiyo msitafute maneno mazuri hapa. Tafuteni yaliyotokea.

Tulitoka Unguja baada ya mapinduzi, mie na mama yangu, Bi Salma. Baba hatukutoka naye, na hilo silielezi. Tukapata chumba Hindawiya, ukuta wake wa mawe ulikuwa ukitoa jasho la chumvi, ukiuegemea unaondoka na unga mweupe mgongoni. Mama alikuwa hodari wa kupika, akapata kazi jikoni kwa Sitti Fauzia. Sitti ndivyo mabibi wenye nyumba walivyokuwa wakiitwa kule. Mume wa Sitti ndiye aliyekuwa kafili wetu, mdhamini wetu mbele ya serikali. Bila jina lake mama hana ikama, kile kibali cha kukaa, na bila ikama mtu mgeni nchi ile hana haki hata ya kusimama kivulini. Hilo mlishike, maana msipolishika hamtajua mama alikuwa akicheza na nini.

Kwetu Unguja hapakuwa na sahani ya fulani. Palikuwa na sinia. Linawekwa mkekani, tunalizunguka, kila mtu anakula upande wake, na mama kwa ncha za vidole anamsukumia kipande cha samaki yule mwenye haya. Jirani aliyekuja kuomba moto akilikuta sinia limewekwa, ananawa anakaa. Ukimwambia mtu kwetu, "Kula wewe peke yako kule," umemtukana.

Kwa Sitti Fauzia tulikuwa na sahani yetu. Sahani ya bati, nyeupe, ukingo wa buluu, ubavuni imechubuka pakabaki doa jeusi kama jino bovu. Ilikaa kwenye kidirisha karibu na mlango wa choo, haichanganywi na vyombo vingine hata wakati wa kuosha. Chini ya kidirisha hicho palikuwa na kizingiti cha jiwe. Hapo ndipo tulipokula, mama na mie, sahani katikati.

Simsingizii Sitti. Hakuwa mchoyo. Alikuwa akitupakulia mwenyewe, tena nyama akiweka, na siku akiwa na furaha alinipa halua nikaitia mfukoni ikashikana na kitambaa. Maji ya nyumba ile yalikuwa yakifukizwa kwa mastaki, utomvu mkavu wa mti, yakinukia ubaridi mtamu, na tulikuwa tukiyanywa, ila kwa kopo letu. Alikuwa na paka mweupe, mnene, anatembea kama amechelewa mkutano lakini hatakimbia. Paka huyo alikuwa na kibakuli cha kaure chenye maua mekundu. Nilikuwa nikimwonea wivu paka, sikujua kama huo ni wivu.

Siku ninayoisema ilikuwa Iddi ya kuchinja. Mama alikuwa jikoni tangu alfajiri. Nyumba nzima ilinukia samli, iliki, na mafuta ya kondoo yaliyoshika moto, na juu yake udi kutoka chumba cha wageni. Nilivaa gauni la kijani alilonishonea mama, zuri, ila shingoni lilikuwa likiwasha kama siafu. Wanaume walikuwa juu. Wanawake walikuwa chumba cha ndani, sufra, kitambaa cha kulia, imetandikwa chini, mlango wazi, na kutoka walipokaa mtu aliweza kukiona kizingiti chetu moja kwa moja.

Wageni walipoanza kula, Sitti akaja jikoni, akaijaza sahani ya bati, akaiweka kwenye meza, akarudi kwa wenzake. Mama alikuwa ameinamia sufuria. Mie nikaichukua sahani. Hakuna aliyenituma. Niliibeba kwa mikono miwili, nikaenda mpaka kizingitini, nikakusanya gauni lisiguse maji yaliyotiririka kutoka chooni, nikakaa, nikanyoosha mgongo kama nilivyomwona mama akikaa.

Sitti akaniona. Akawaambia wageni, "Mtazameni huyu! Hakuna aliyemwambia. Anajua mahali pake."

Wakacheka. Wala hakikuwa kicheko kibaya, kilikuwa cha kupenda. Mmoja akasema, "Mashallah, mtoto ana adabu." Mie nikajiona nimerefuka. Nikamtafuta mama kwa macho, anione ninavyosifiwa mbele ya watu.

Mama alikuwa amesimama, upawa mkononi. Uso wake sikuuelewa. Akauweka upawa, akaja, akaniondolea sahani vidole vyangu bado vimo ndani ya wali, akaiweka sakafuni mbele ya paka. Akanawa. Akaninawisha na mie mpaka viwiko, kama mtu anayetaka kusali. Kisha akapakua sinia la shaba, wali, na juu yake bega la kondoo, akanishika mkono, tukaingia chumba cha wanawake. Palikuwa na nafasi baina ya wanawake wawili. Akaliweka sinia pale juu ya sufra, akakaa, akanikalisha.

"Bismillahi," akasema. "Kula, mwanangu."

Sitti akalishusha tonge lake.

"Ya Salma! Unafanya nini?"

"Tunakula, Sitti. Leo Iddi."

"Sahani yako iko wapi?"

"Nimempa paka."

"Paka wangu hali kwenye bati!"

"Basi na mie sili."

Mgeni mmoja akabanwa na kicheko, akajitia kukohoa, akafunika mdomo kwa mtandio. Kiarabu cha mama kilikuwa cha jikoni tu, maneno ya moto na chumvi na lete na peleka. Hakuwa nacho cha kupambia. Pengine ndiyo maana yalimtoka makavu vile.

Sitti alisimama, shingo imemwiva. "Halas, imetosha. Utoke nyumbani kwangu."

"Nitatoka," mama akasema, "mtoto akishiba."

Hakuna aliyemgusa. Alikuwa ameshataja jina la Mungu juu ya chakula, siku ya Iddi, mbele ya wageni, na nani pale angekubali kuonekana anamvuta mtu kutoka kwenye tonge? Mama alilijua hilo. Akakaa, akaimega nyama, akaisukuma upande wangu, akaimega tena. Mie nilikuwa nikitamani ardhi inimeze na gauni langu la kijani. Yeye akila taratibu, kama yuko kwao.

Tukashiba, au tuseme mama aliamua kuwa nimeshiba. Akanawa, akavaa abaya yake, akasema kwaherini kwa wote, na kwa paka pia, tukatoka.

Kafili akaondoa mkono wake kabla nyama ya Iddi haijaisha majumbani mwa watu. Msidhani mambo yalinyooka. Mama akawa mtu wa vichochoro, anauza mikate ya mofa kwenye milango ya nyuma, likipita gari la askari anaingia nyumba yoyote iliyo wazi na kujifanya anamtafuta jirani. Tulikula mkate kwa chai, na chai kwa mkate, mpaka mzee mmoja wa Kihadhrami, muuza viungo, alipokubali kutusimamia. Kipindi chote hicho nilimnunia mama. Nilikuwa nikiiwaza ile nyama iliyobaki kwenye sinia. Siku moja nikamwambia, "Tungekaa tu pale kizingitini, tungekuwa tunakula vizuri."

Mama yangu alikuwa mpigaji, siwafichi. Siku ile hakunipiga. Alikuwa akikanda unga, hakuinua macho.

"Ulikaa vizuri mno," akasema. Akaendelea kukanda.

Nikaona mama ameanza kupotewa na akili. Nikamwacha. Nikaishi, nikaolewa, nikazaa, nikamzika mama pale pale Jeddah, na akilini mwangu nikamweka kama mwanamke mwenye kiburi kilichotunyima nyama. Nilimpenda, lakini hivyo ndivyo nilivyomweka.

Sasa turudi Nasim. Msichana alifika Ijumaa mchana. Jina lake Mwende, mtu wa Machakos, Mkristo, mrefu, macho yamevimba kwa safari. Alisalimia kwa mikono miwili. Thuraya akampakulia kwenye ile sahani ya waridi niliyoisuuza. Kabla hajamwambia chochote, mjukuu wangu Hanan, ambaye hata meno ya mbele hajang'oa, akamshika Mwende kidole, akamvuta kwa upole mpaka nyuma ya mlango wa jikoni, kando ya mashine ya kufulia.

"Wewe unakaa hapa," akamwambia.

Alisema kwa utamu, kama anamwonyesha mgeni kiti cha heshima. Hakuna aliyemfunza. Ameona kwa majirani, imemtosha. Na Mwende, mtu mzima, akamwambia, "Asante, mrembo," akakusanya sketi isiguse maji ya mashine, akakaa, akaanza kula.

Wallahi hapo ndipo nilipomwelewa mama. Miaka yote hii nikidhani mama aligombana na bati. Kwenye bati alikuwa akila kila siku tangu aanze kazi pale, na angekula hivyo mpaka azeeke, mradi ikama ipo na mie nala. Yeye kwa nafsi yake alikuwa ameshajipatanisha. Alichoshindwa kukimeza ni kuniona mie nimekwenda pale kwa miguu yangu, bila kutumwa, tena nimefurahi. Aliona kitu kinataka kuota ndani yangu, akaking'oa hapo hapo kwa gharama yoyote.

Nikainuka na magoti yangu. "Mwende, njoo ule na sisi."

"Ni sawa tu, nyanya," akasema. "Madam anataka nikule huku."

"Sikukuuliza madam anataka nini."

Thuraya akaweka kijiko chini. "Mama, ukimkalisha na sisi leo, kesho atatupanda kichwani, na keshokutwa yuko Manfuha." Manfuha ndiko wanakojificha waliotoroka kwa waajiri wao.

"Akitaka kutoroka, atatoroka ameshiba."

Nassor alikuwa akiutazama wali kana kwamba wali ndio utakaomjibia. "Mama," akasema, "nyumba hii ina utaratibu wake."

"Na mie nina wangu, na mie ndiye niliyekuzaa. Ukiuchoka, nirudishe Hindawiya. Ngazi nitazipanda kwa makalio."

Nikalitoa sinia kabatini, lile kubwa ambalo Thuraya huliweka kama pambo, nikamimina wali wote, nikaliweka chini. Thuraya akaenda kula chumbani kwake. Alinuna wiki ile, akanuna na iliyofuata. Namwambia humu humu kwenye maandishi, anune tena akitaka.

Baadaye Mwende alinishika jikoni, akanong'ona, "Nyanya, wewe utaniletea shida. Madam akikasirika atanirudisha ofisi iliyonileta."

Alisema kweli. Mie ni mama wa mwenye nyumba, hakuna ofisi ya kunirudisha. Nikamwambia, "Mwambie madam mie ndiye niliyekulazimisha. Kila siku mwambie hivyo." Na kila siku nikamlazimisha kwa sauti, wasikie wote, ili lawama ipate mlango wa kuingilia.

Mkidhani nilifanya yale kwa ajili ya Mwende, mmekosea. Mwende anajua alichofuata Riyadh, na sahani ya waridi isingemuua. Mchana ule wa kwanza macho yangu yalikuwa kwa Hanan. Alikuwa amesimama pale mlangoni, amechanganyikiwa, anamtazama msichana ambaye yeye mwenyewe alimwonyesha mahali pake, sasa amekaa kwenye sinia la bibi, na mahali penyewe kando ya mashine pamebaki patupu.

"Bibi," akaniuliza, "sasa mie nikae wapi?"

Nikapiga sakafu kwa kiganja, baina yangu na Mwende. "Hapa. Mwambie asogee."

Akasita. Kwa majirani ameona mtu wa kazi anaagizwa tu, haombwi. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Naomba usogee, tafadhali."

Mwende akasogea.