Shingo Nyembamba ya Gitaa la Mama

Siku ile nilitoka kambi yetu ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, kwa sababu ya vidole vya mama. Zamani, kule Uvira, nilikuwa nalala chini ya benchi ya kwaya huku yeye akipiga gitaa, na mpaka leo nikisikia nyuzi za nailoni nasinzia. Sasa viungo vyake vimevimba. Jumapili iliyopita aliacha kupiga katikati ya wimbo, akaendelea kuimba tu, akitabasamu kama vile ilipangwa. Jioni akaniambia, "Neema, njo mwisho. Mi nimemaliza kupiga."

Nikakataa. Nilikuwa nimesikia kwamba Lilongwe kuna seremala anayebadilishana gitaa la shingo pana kwa la shingo nyembamba, ambayo vidole vilivyovimba vinaweza kuizunguka.

Asubuhi mlangoni, mama alifanya kama fundi cherehani alivyo. Alikunja mkono wa kushoto kana kwamba ameshika gitaa, akapima humo kwa utepe wa kitenge, akaukata, akanipa. "Zungusha kwenye shingo ya gitaa. Ncha zikikutana, njo hiyo."

Mpaka barabara kubwa nilipanda kabaza. Mwendesha baiskeli, Mmalawi aliyejifunza Kiswahili kwa kutubeba, aliangalia gitaa la zamani mgongoni mwangu. "Na huyu wa pili atalipa?"

"Huyu ni muzee, kaka. Bazee habalipishwi."

"Zikomo, muzee!" akaliamkia kwa Kichewa, tukaondoka tukicheka.

Lilongwe, mtaa wa Area 23, kwa yule seremala, Papa Zihindula, mtu wa Bukavu, vumbi la mbao lilikuwa mpaka kwenye kope zake.

"Mutoto wa Uvira! Mumechoka kula samaki ndagala, sasa munataka kula gitaa?"

"Papa, nyie ba Bukavu munakulaka nini, mvua?"

Akacheka, akaniletea magitaa mawili ya nailoni. La kwanza lilikuwa la njano, linang'aa. Nikazungusha utepe: ncha zikakutana sawasawa. La pili lilikuwa dogo, limejaa mikwaruzo, na shingoni ncha za utepe zikapandana.

"Ya kwanza njo saizi yake," akasema. "Lakini ukishabadilisha, hakuna kurudi. Na ile ndogo, usipoichukua, bantu ba kanisa la Kauma banakuja kuichukua leo."

Nikanyoosha mkono kupokea la njano. Mkono wa shati ukashuka ukafunika vidole vyangu. Shati hilo alinishonea mama nikiwa mdogo zaidi, na bado linanizidi. Nguo zetu zote alikata hivyo, na nafasi ya kukua, maana hakujua kitambaa kingine kingepatikana lini.

Nikarudisha mkono. Utepe huu je, ni wa mkono gani, wa leo au wa zamani? Nikakumbuka jinsi anavyoshika kikombe cha chai siku hizi, kwa mikono yote miwili. Nikapinda vidole vyangu kama vyake, nikajaribu. Kwenye la njano havikufika. Kwenye dogo vikafika, vikatulia.

"Papa, nipe hii ya mikwaruzo."

"Utepe unakataa!"

"Utepe alikata mama. Mama anakataka kubwa kila siku."

Papa akalegeza nyuzi za lile dogo zisimchoshe mama, akatundika gitaa letu la zamani msumarini. Nililishika shingo mara ya mwisho, nikatoka bila kugeuka.

Nyumbani jua lilikuwa limeinama. Mama alisogeza cherehani, akapakata gitaa. Vidole vya kushoto vikazunguka shingo, vikagusa nyuzi.

"Mama, utepe ulikuwa mkubwa."

"Najua." Aliangalia mkono wake. "Nilifikiri labda utafunguka tena."

Sisi watoto alitupima tutakavyokuwa. Siku ile nilijifunza kwamba yeye ilibidi nimpime alivyo.

Akaanza kupiga, siyo mwanzoni, ila pale pale alipoachia Jumapili. Nikajilaza kwenye mkeka chini ya cherehani. Sijui alifika ubeti wa mwisho saa ngapi, maana nilikuwa nimeshalala.